Ubingwa wa 1988 na Namna Tunavyousimulia

Mwaka 1988 klabu ya Coastal Union ya Tanga ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Tanzania Bara. Tangu hapo haijautwaa tena. Sentensi hizo mbili ndizo zinazobeba karibu historia yote ya klabu hiyo kama ijulikanavyo na watu wa kawaida huku kwetu Mazingara, na naamini hata Tanga mjini kwenyewe. Yaliyotangulia na yaliyofuata yameachiwa baraza. Sina ugomvi na baraza. Nimekaa barazani miaka mingi, kabla ya kustaafu na baada yake. Lakini tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kila hadithi, iwe imeandikwa au inasimuliwa kwa mdomo, ina msimulizi, na msimulizi ana upande wake. Nami nikawafundisha hivyo watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 30. Basi ndugu msomaji niruhusu niihakiki hadithi ya Coastal Union kama ambavyo ningehakiki kitabu: ina nguvu wapi, inalegea wapi, na inaficha nini.

Kwanza kisa chenyewe. Klabu ilianzishwa mwaka 1948, wakati wa mkoloni, katika mji wa bandari, reli na mkonge. Tayari mji ulikuwa na African Sports, klabu kongwe kuliko Coastal, na upinzani wa hao wawili ndio uliougawa mji wa Tanga kama ambavyo Simba na Yanga zimeugawa mji wa Dar es Salaam. Mkwakwani ukawa uwanja wao. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, na kwa miaka mingi kombe likawa linatoka Msimbazi kwenda Jangwani na kurudi. Timu za nje ya Dar es Salaam zilizolivuruga zamu hilo ni chache. Mseto ya Morogoro mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, ambayo ilipanda daraja, ikatwaa ubingwa msimu huo huo wa kwanza, na msimu uliofuata ikashuka. Kisha Coastal Union mwaka 1988. Mtibwa Sugar ya Turiani ikafuata mwaka 1999 na tena 2000, na baada ya hapo hakuna timu ya nje ya Dar es Salaam iliyolishika kombe lile.

Nimesema "timu za nje ya Dar es Salaam" kwa makusudi. Watangazaji na waandishi wetu husema "timu za mikoani", nasi tumeyapokea maneno hayo bila kuyatafuna. Hivi Dar es Salaam si mkoa? Ina mkuu wa mkoa, ina wilaya, ina kila kitu ambacho mkoa wa Tanga unacho. Lakini katika lugha ya michezo kuna Dar es Salaam, halafu kuna mikoa. Mwanafunzi akiniandikia insha ya namna hiyo ningemzungushia neno kwa wino mwekundu. Neno hilo dogo linampanga msikilizaji kabla mpira haujaanza: anayetoka mkoani ni mgeni, na akishinda ni ajabu, na ajabu haihitaji kuelezwa. Ndiyo maana ubingwa wa 1988 husimuliwa kama ajabu.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe kama isimuliwavyo. Msimulizi wa baraza huanza na wachezaji wa 1988, ambao kwake ni majagina wasio na doa. Walicheza kwa mapenzi. Hawakujua pesa. Walivaa jezi kama mtu avaavyo kanzu ya Ijumaa. Kisha huja anguko, na hapo wasimulizi hutofautiana kidogo. Mmoja atakuambia ni fitina za viongozi. Mwingine atasema Dar es Salaam wametuibia wachezaji. Wa tatu, akishaangalia kushoto na kulia, atataja mambo ya usiku.

Huyu wa tatu nimmalize haraka. Sifa ya uganga wa Tanga imekuwa mzaha wa taifa zima, na baadhi yetu tunaubeba mzaha huo kana kwamba ni nishani. Lakini kama dawa ingekuwa inafunga mabao, mkoa wenye sifa hiyo ungekuwa na ubingwa mmoja tu tangu 1965?

Hoja ya fitina ina ukweli ndani yake, kwa kuwa hakuna klabu ya wanachama isiyokuwa na fitina. Upungufu wake ni kwamba inaeleza kila kitu. Simba na Yanga zimekuwa na fitina za kutosha kujaza magazeti. Mwaka 1976 mgogoro wa Yanga uliipasua klabu hata ikazaliwa Pan African, na Yanga ikaendelea kuwa Yanga. Sababu ambayo ipo kwa mshindi na kwa mshindwa sawasawa haiwezi kuwa ndiyo iliyowatofautisha.

Inabaki hoja ya mapenzi, na hii ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu ni nzuri masikioni na kwa sababu inawadhulumu watu. Inawadhulumu vijana wa leo, ambao huambiwa hawana moyo. Inawadhulumu pia wale wa 1988, kwa kuwa inawafanya malaika wasiokula.

Tazama majina ya timu za miaka ya sabini na themanini. Reli ya Morogoro. Bandari ya Mtwara. RTC ya Kagera. Ushirika ya Moshi. Pamba ya Mwanza. Haya si majina ya wanyama wala ya mitaa. Ni majina ya shughuli na waajiri. Mchezaji wa wakati ule aghalabu alikuwa karani, fundi, kuli au mtunza ghala, na mwisho wa mwezi alipanga mstari kupokea mshahara kama wenzake. Kandanda ilikuwa ya ridhaa, lakini ridhaa hiyo ilikuwa na mgongo wa ajira. Tanga ilikuwa na bandari, ilikuwa na reli, ilikuwa na kiwanda cha saruji, ilikuwa na kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972. Kijana mwenye kipaji aliyepata kazi katika mji ule hakuwa na sababu kubwa ya kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa kule angelipwa mshahara uleule wa serikali na mashirika yake, na angepanga chumba kwa bei kubwa zaidi. Mapenzi yalikuwapo, nani atabisha? Lakini mapenzi yale yalikuwa yamekula mchana.

Hapa wapo wenzangu watakaonikatiza na kusema: kumbe basi ni mkonge tu, mkonge ulipokufa na timu ikafa. Nimeisikia hoja hii kwa watu wazito, na siikubali. Mkonge wetu ulifika kilele mwaka 1964, nchi ilipozalisha tani zipatazo 230,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Yaani Coastal Union ilitwaa ubingwa wake wakati mashamba ya Korogwe na Muheza yamekwisha kuota vichaka, na sisi tuliokuwa tukipita Ngombezi na Magunga kwa basi tuliyaona kwa macho. Kama mkonge ndio uliobeba timu, ubingwa ungekuja mapema zaidi. Kilichoibeba timu ya 1988, kwa maoni yangu, hakikuwa utajiri wa Tanga. Ni kwamba umaskini ulikuwa umegawanywa sawa. Hakuna klabu iliyoweza kumlipa mchezaji mara 10 ya ile nyingine. Katika nchi ambayo sukari ilikuwa ya kupanga foleni, Yanga nayo ilikuwa kwenye foleni.

Hali hiyo ilikwisha katika miaka ya tisini. Mashirika ya umma yakauzwa au yakafa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kikafungwa. RTC zikatoweka na timu zake. Kisha ikaja pesa ya udhamini, na baada ya hapo pesa ya televisheni. Mwaka 2021 kampuni ya Azam ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Pesa ya namna hiyo ni neema, wala sitaki kusikia mzee mwenzangu akiilaani huku ameketi mbele ya hiyo hiyo televisheni. Lakini pesa haimwagiki kama mvua. Inafuata mkondo, na mkondo ulikwisha chimbwa zamani kuelekea Msimbazi na Jangwani.

Timu za nje ya Dar es Salaam zilizosimama vizuri baada ya hapo ni zipi? Mtibwa Sugar na Kagera Sugar, timu za viwanda. Prisons ya Mbeya, timu ya magereza. Ruvu Shooting, timu ya jeshi. Yaani waajiri wamerudi, na mchezaji ana mshahara hata siku ambazo hakuna mechi. Coastal Union haina mwajiri. Ni klabu ya wanachama wa mji, kama lilivyo jina lake, Umoja wa Pwani. Hata uwanja wa Mkwakwani si wake. Ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Ukijua hayo, historia yake ya karne hii haikushangazi tena: ilipanda ligi kuu mwaka 2011, ikashuka mwaka 2016, ikarudi mwaka 2018 ligi ilipopanuliwa kuwa ya timu 20. Msimu huo ikamsajili hata mwanamuziki Ali Kiba, jambo ambalo vijana walilifurahia na wazee tulilitazama tu.

Huo mwaka 2016 unanilazimu kusimama, maana hadithi ya mjini huupita upesi. Timu tatu zilishuka daraja msimu ule na zote tatu zilitoka mkoa mmoja, wa Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Hii ya tatu ni ya kwetu, ya kambi ya jeshi iliyoko Kabuku, hapa Handeni. Wasimulizi wa Tanga mjini hulia juu ya mbili za kwanza, na ya tatu huitaja kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani. Na sisi huku tulijifanya hatuumii, ingawa kwa miaka minne tulikuwa tumeona timu ya wilaya yetu ikitajwa redioni pamoja na Simba na Yanga, jambo ambalo baba zetu hawakulisikia. Nakiri kwamba Mgambo inaitia dosari hoja yangu, kwa sababu ilikuwa na mwajiri na bado ilishuka. Mwajiri basi hatoshi. Lakini sijaona mahali ambapo asiyekuwa naye amedumu juu kwa muda mrefu, isipokuwa wale wawili wenye nchi nzima kwa wanachama.

Kuna jambo jingine ambalo hadithi ya mjini hulificha, na limo katika lakabu ya timu yenyewe. Coastal Union huitwa Wagosi wa Kaya. Jina la klabu ni la Kiingereza, la pwani, la ofisi ya mkoloni. Lakabu ni ya lugha zetu za bara: mgosi ni mwanamume, kaya ni nyumbani. Mzigua anaielewa bila mkalimani, na Mbondei na Msambaa vilevile. Haiwezekani timu iitwe hivyo kama ni ya watu wa Ngamiani na Chumbageni peke yao. Iliitwa hivyo kwa sababu mji wa Tanga ulijazwa na watu walioshuka kutoka Lushoto, Muheza, Korogwe na Handeni kutafuta kazi, wakaishangilia timu kwa ndimi zao. Sisi tuliobaki tuliifuata kwa redio. Wakati Ahmed Jongo anatangaza mpira Radio Tanzania, kijiji kilikuwa na redio tatu nne zenye betri nzima, na kila moja ilikuwa na watu 20 kuizunguka. Gazeti la Uhuru likija na basi lilikuwa limechelewa siku moja au mbili, na tulilisoma vivyo hivyo, mpaka tangazo la mwisho la mnada.

Nimesema Dar es Salaam "wametuibia" ni neno la baraza. Wizi wenyewe uko hivi. Mwaka 2020 peke yake Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga, ambako alikuja kuwa nahodha; Ibrahim Ame akaenda Simba; Ayoub Lyanga akaenda Azam. Tarehe 2 Julai 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Coastal ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga ikatoka sare ya mabao 3 kwa 3, na yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman Sopu. Ikafungwa kwa penalti. Baada ya hapo Sopu akaenda Azam, na mwezi Septemba kocha Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea Coastal mwenyewe, akachukuliwa na Simba. Mwalimu mkuu anapompeleka mtoto wake bora sekondari ya vipaji haendi kulalamika polisi kwamba ameibiwa, anajivuna. Kwa hiyo neno wizi silikubali. Lakini na fahari peke yake siikubali, kwa kuwa shule yangu haikulazimishwa mwaka uliofuata kushindana katika mtihani uleule na mtoto niliyempeleka.

Pamoja na hayo, msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya nne ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kipa wake Ley Matampi akaongoza kwa mechi za kutofungwa. Mwezi Agosti 2024 ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Baraza likarudi kwenye fitina kabla hata ndege haijatua.

Vijana wa huku walianza kufuatilia ligi ya Uturuki Mbwana Samatta alipokwenda Fenerbahçe mwaka 2020, na kupitia kwao nami nikajifunza jambo. Kule nako kuna wakubwa wa mji mmoja, Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş, wote wa Istanbul. Katika historia yote ya ligi yao ni klabu mbili tu za nje ya Istanbul zilizowahi kuwa bingwa. Trabzonspor, ya mji wa bandari kama Tanga, ilianza mwaka 1976, ikatwaa mara kadhaa hadi 1984, kisha ikangoja mpaka 2022. Bursaspor ilitwaa mara moja, mwaka 2010. Mji wa Bursa una viwanda vya magari na vya nguo; si mji wa kuonewa huruma. Hata hivyo mwaka 2019 Bursaspor ilishuka ikiwa imeelemewa na madeni, ikaendelea kuteremka, na mwaka 2024 ikajikuta daraja la nne. Nikawaambia vijana: mnaona, hata penye viwanda bingwa wa mara moja anaweza kuzama, na hakuna aliyesema ni uchawi wa Kisambaa.

Kijana mmoja akanijibu vizuri sana. Akasema, "Shikamoo Mwalimu, lakini wale wa Bursa naweza kuwaona kwenye simu hapa hapa, nani alifunga, dakika ya ngapi, siku gani. Nitafutie Coastal ya 1988." Niliitika marahaba yake, na la pili sikuwa na la kumjibu. Katika shule zote nilizofundisha sikuwahi kuona rafuni kitabu kinachosimulia mwaka ule. Magazeti ya wakati huo tulifungia sukari na kufunikia madaftari. Tumebaki na vinywa, na kinywa hukumbuka bao kuliko kinavyokumbuka mshahara.

Ndiyo maana nasema hadithi ya mapenzi, pamoja na utamu wake, ni hadithi mbovu: inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba wale vijana waliipenda Tanga. Kisichojulikana ni kila mmoja alikuwa ameajiriwa wapi, nani alimpa ruhusa ya kwenda mazoezini saa za kazi, nauli ya kwenda Mwanza na Songea ilitoka mfuko gani, na siku ajira ile ilipokufa yeye alikwenda wapi. Mchezaji aliyekuwa na miaka 25 mwaka ule sasa amevuka 60. Baadhi yao wapo, wanakaa vibarazani Tanga, na wengine walirudi mashambani kwao huku juu. Vijana huwazunguka wakiomba wasimulie bao. Wazee husimulia, wakaonyesha kwa mguu namna mpira ulivyokaa, watu wakacheka, kisha kahawa ikaongezwa.